DUI ya kwanza California: kukubali yaishe, kupunguziwa shtaka au kuacha kesi isikilizwe?

Ukikamatwa California ukiendesha gari umelewa, kosa linaloitwa DUI, ushauri wa kwanza utakaoupata kwa ndugu na marafiki ni huu: "Kaka, kubali yaishe. Ni faini tu." Wanaosema hivyo mara nyingi ni raia, gari lao ni la kwendea kazini, na kwao kweli iliisha kwa faini. Mwenye grini kadi, mwanafunzi mwenye viza na dereva wa lori wasiupokee ushauri huo ulivyo. Kwa kosa la kwanza ambalo halikumuumiza mtu, adhabu anayoitamka jaji huwa ndogo kuliko zile zinazofuata nyuma yake. DMV, yaani idara ya jimbo ya magari na leseni, ina yake, kampuni ya bima ina yake, mwajiri ana yake, na uhamiaji nao wana yao. Wote wanasoma karatasi moja ya mahakama, lakini kila mmoja anatafuta neno lake.

Kwa hiyo mimi nalinganisha njia hizi tatu kwa kuuliza jambo moja: ni karatasi gani huwezi kuishi bila hiyo? Leseni ya kawaida, leseni ya malori, au kibali cha kuishi nchini? Majibu yanatofautiana sana. Hapa nazungumzia mtu mzima wa miaka 21 na kuendelea, kosa la kwanza, hakuna aliyeumia. Na haya hayachukui nafasi ya wakili aliyesoma faili lako.

Kwanza, siku 10

Kabla hujachagua lolote mahakamani, kuna kesi ya pili ambayo wengi hawajui kwamba ipo. Askari anapokukamata huchukua leseni yako ya California na kukupa karatasi, kwa kawaida ya rangi ya waridi. Watu huikunja mfukoni wakidhani ni risiti ya kukamatwa. Ile karatasi ni leseni ya muda ya siku 30, na humo ndani imeandikwa kwamba una siku 10 za kuomba kusikilizwa na DMV. Ukiomba kwa wakati, leseni yako haisimamishwi mpaka uamuzi utoke. Ukinyamaza, siku 30 zikiisha leseni inasimamishwa miezi 4 kama kipimo cha pombe kwenye damu kilifika asilimia 0.08. Kama ulikataa kupimwa, ni mwaka mzima.

Hapo kwenye kukataa watu huchanganya. Kile kipimo kidogo cha mkononi unachopulizia kando ya barabara kabla hujakamatwa, hiki ambacho Wakenya wangekiita alkoblow, mtu mzima asiye chini ya uangalizi wa mahakama kwa DUI ana haki ya kukikataa. Cha pili, cha pumzi au damu, kinachokuja baada ya kukamatwa, ulishakikubali kisheria siku ulipoanza kuendesha gari katika jimbo hili. Kukikataa kunakupotezea leseni, na mahakamani kunakuongezea adhabu.

Kikao cha DMV hakina jaji, na mara nyingi hufanyika kwa simu. Hadi mwaka 2022 ofisa mmoja ndiye aliyekuwa akileta ushahidi dhidi yako na papo hapo akiamua, mpaka mahakama ya rufaa ya California ikasema hiyo si haki. Hata hivyo kushinda si rahisi, kwa sababu DMV haihitaji kuthibitisha bila shaka yoyote. Inatosha ionekane kwamba kuna uwezekano mkubwa zaidi kuwa ndivyo ilivyokuwa. Mawakili huomba kikao hicho hata wakijua watashindwa, kwa kuwa wanapata kuziona ripoti za askari mapema na pengine kumuuliza maswali akiwa chini ya kiapo.

Kukubali yaishe

Sheria ni kifungu cha 23152 cha sheria za magari za jimbo. Kosa la kwanza ni kosa dogo la jinai: faini ya dola 390 hadi 1,000, na kifungo kisichozidi miezi 6 katika jela ya kaunti. Usiiamini hiyo 390. Juu yake hupachikwa tozo za jimbo na kaunti, na jumla huweza kufika dola 2,000 hivi kabla hujalipia darasa la kuhusu pombe na udereva. Darasa lenyewe ni la miezi 3 kwa kipimo cha kawaida, na miezi 9 kama kipimo kilifika asilimia 0.20. Jela ya maana ni nadra kwa kosa la kwanza jaji anapokuweka chini ya uangalizi, lakini uangalizi huo ni wa miaka 3 hadi 5, na kwa muda wote huo hutakiwi kushika usukani ukiwa na pombe yoyote inayopimika. Hata chupa moja.

DMV nayo, ikipokea habari kwamba umetiwa hatiani, inasimamisha leseni miezi 6. Unaweza kuendelea kuendesha ukikubali kufungiwa kile kifaa cha kupulizia kinachozuia injini isiwake. Aliyekaa nacho atakwambia hakimalizi kazi unapowasha gari; kikiwa kimewaka barabarani kinakulilia upulize tena, abiria wako wote wakikutazama. Dawa ya kusukutulia mdomo yenye alkoholi inatosha kukuharibia asubuhi. Kwa kosa la pili kifaa hicho si hiari tena.

Bima ndiyo inayouma muda mrefu. Utatakiwa kuwa na uthibitisho maalumu wa bima, unaoitwa SR-22, kwa miaka 3. Pointi 2 za makosa zinaingia kwenye rekodi yako ya udereva, na punguzo ambalo sheria ya California inawapa madereva wazuri unalipoteza kwa miaka 10. Miaka hiyo 10 ndiyo pia inayohesabiwa kama utarudia: la pili ndani yake linaanzia saa 96 za jela na darasa la miezi 18, la tatu siku 120, na la nne linaweza kushtakiwa kama kosa kubwa lenye kifungo cha hadi miaka 3.

Sasa uzuri wake. Kesi inaisha haraka, gharama ya wakili ni ndogo, na unajua unachopata. Kwa raia aliyepimwa 0.16, video ya askari inamwonyesha akiyumba, na kazi yake haihusu gari, sioni sababu ya kuuza shamba kulipa wakili wa kubishana. Ila asisaini fomu ya kukiri bila kuisoma. Ina visanduku vingi, na kila kimoja unatia herufi za jina lako: haki hii naiacha, haki ile naiacha. Kimojawapo kinasema kwamba kama wewe si raia, kukiri kunaweza kukuletea kufukuzwa nchini, kuzuiwa kuingia au kunyimwa uraia. Kama Kiingereza cha mahakama kinakupiga chenga, katiba ya California inampa mshtakiwa asiyekielewa mkalimani katika kesi yake ya jinai. Sema mapema unataka wa Kiswahili. Hapatikani kila siku, na ni bora kesi iahirishwe kuliko kutia herufi kwenye jambo ulilolielewa nusu.

Kupunguziwa

Mwendesha mashtaka anaweza kukubali uikiri kesi kama uzembe barabarani badala ya DUI. Kuna wa aina mbili, na zisikupite sikioni kwa haraka. Ule ambao mawakili huuita wet reckless ni uzembe ambao rekodi inasema wazi kwamba pombe au dawa ilihusika. Mwingine ni uzembe mtupu, usiotajwa pombe. Huu wa pili ndio mtamu na ndio mgumu kupata.

Tuuweke uzembe wenye pombe kando ya DUI. Kifungo cha juu ni siku 90, si miezi 6. Faini inaanzia dola 145. Darasa ni la saa 12 badala ya miezi. Uangalizi kwa kawaida ni mfupi zaidi. Mahakama haisababishi leseni kusimamishwa ile miezi 6. Lakini ile miezi 4 ya DMV iko palepale, kwa sababu DMV haijali mlikubaliana nini mahakamani. Pointi 2 zipo. Na ukikamatwa tena ndani ya miaka 10, uzembe huu wenye pombe unahesabiwa kama DUI ya kwanza, hivyo mpya inakuwa ya pili. Watu wengi hugundua hili siku ya kosa la pili.

Jambo jingine halibadiliki ukichukua njia hii. Ukikiri DUI au uzembe wenye pombe, unasomewa onyo kwamba ukiendesha tena umelewa na mtu akafa, unaweza kushtakiwa kwa mauaji. Msingi wake ni kesi ya People v. Watson ya mwaka 1981, na adhabu ya mauaji ya daraja la pili huanzia miaka 15 hadi maisha. Onyo hilo linaandikwa kwenye faili ili kesho usiseme hukujua hatari.

Nani hupewa nafasi hii? Aliyepimwa karibu na mstari, 0.08 au 0.09, asiyesababisha ajali, asiyekuwa na mtoto kwenye gari, au ambaye kesi yake ina tundu. Aliyepimwa 0.18 akiwa ameparamia uzio wa jirani asitegemee sana.

Kuacha kesi isikilizwe

Kosa dogo la jinai California linasikilizwa na jopo la raia 12, na wote lazima wakubaliane. Kwa kawaida unashtakiwa kwa mambo mawili pamoja: kwamba pombe ilikupunguzia uwezo wa kuendesha, na kwamba kipimo kilifika 0.08. La kwanza halihitaji namba, ndiyo maana hata mwenye 0.07 anaweza kujikuta kizimbani.

Kesi hizi hushindwa kwa vitu vidogo. Kanuni za jimbo zinataka mpimaji akuangalie dakika 15 mfululizo kabla ya kipimo cha pumzi, asione umecheua, umetapika, umekula wala kuvuta sigara. Askari aliyekuwa akijaza fomu mgongo ukiwa kwako hakukuangalia, na kamera yake mwenyewe ndiyo shahidi. Muda nao una maneno yake: pombe uliyoimaliza dakika chache kabla ya kuwasha gari inaendelea kupanda kwenye damu, na kipimo cha saa moja baadaye si lazima kiwe picha ya wakati ulipokuwa barabarani. Sheria inaruhusu kipimo kilichochukuliwa ndani ya saa 3 kichukuliwe kuwa kinaonyesha hali ya wakati wa kuendesha, lakini ruhusa hiyo inapingika. Kwa damu, Mahakama Kuu ya Marekani ilishasema mwaka 2016, katika kesi ya Birchfield, kwamba pumzi inaweza kupimwa bila hati ya jaji baada ya kukamatwa halali lakini damu inahitaji hati au ridhaa yako.

Ubaya wake ni gharama, miezi ya kungoja, na ukishindwa jaji halazimiki na ofa uliyoikataa. Lakini njia hii ina kitu ambacho nyingine mbili hazina. Ukiachiwa huru na jopo kwa shtaka la 0.08, DMV inalazimika kukurudishia leseni iliyoisimamisha kwa sababu hiyo hiyo. Mwendesha mashtaka akifuta tu kesi, hiyo si kuachiwa huru, na miezi 4 ya DMV inaweza kubaki.

Kama huna uraia

Hapa nitakaa kidogo. Mwaka 2004, katika kesi ya Leocal v. Ashcroft, majaji wote 9 wa Mahakama Kuu walisema DUI si kosa la kutumia nguvu katika maana ya sheria ya uhamiaji. DUI moja ya kawaida, ya pombe, kwa yenyewe haimfukuzishi mwenye grini kadi. Wengi wanalala macho bure kwa hili. Wanalopaswa kulihofia ni uraia. Ombi haliidhinishwi ukiwa bado chini ya uangalizi wa mahakama. Sasa rudi kwenye zile namba: uangalizi wa DUI miaka 3 hadi 5, wa uzembe mfupi zaidi. Kwa anayesubiri kuapa ili amlete mama yake kutoka Mwanza au Kakamega, tofauti hiyo ina uzito kuliko faini yote, na kwake kupunguziwa kunastahili kupiganiwa. Na DUI mbili ndani ya kipindi kinachoangaliwa, tangu uamuzi wa Mwanasheria Mkuu wa mwaka 2019, zinakufanya udhaniwe huna tabia njema mpaka uthibitishe vinginevyo.

Mwenye viza ya masomo au ya matembezi yuko kwenye shida ya aina nyingine, na kwake chaguo la mahakamani linasaidia kidogo. Tangu 2015 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani inaruhusu viza ifutwe kwa kukamatwa tu kwa DUI ndani ya miaka 5 iliyopita, kabla hujatiwa hatiani. Unaweza kuendelea na masomo, lakini ukienda nyumbani likizo, kurudi kunahitaji viza mpya, na ubalozi utakutuma kwa daktari wake akuchunguze habari za ulevi. Usikate tiketi ya Desemba kabla hujaongea na wakili wa uhamiaji. Asiye na karatasi kabisa ajue kwamba tangu 2018 majaji wa uhamiaji wameelekezwa kuiona DUI kuwa jambo zito wanapoamua dhamana.

Mwenye ndugu Toronto naye asisahau mpaka. Desemba 2018 Kanada ilipandisha adhabu ya kuendesha umelewa, na tangu hapo DUI moja inaweza kukuzuia kuingia.

Wakili wa jinai ana wajibu wa kukueleza haya. Kesi ya Padilla v. Kentucky ya 2010 ilisema hivyo, na wajibu huo unamhusu hata yule anayelipwa na kaunti. Muulize kwa maneno haya haya: "Nikikiri hiki, uhamiaji wataniona vipi?"

Dereva wa lori na dereva wa Uber

Kwa mwenye CDL, yaani leseni ya malori, sheria za shirikisho ndizo zinazotawala, na hazina huruma. DUI moja, hata ukiwa na gari lako dogo siku ya mapumziko, ni mwaka mzima bila kuendesha lori. Kama lori lilibeba mzigo hatari, miaka 3. Ya pili ni maisha. Ukiwa ndani ya lori, mstari ni 0.04, nusu ya ule wa kawaida. Kile kifaa cha kupulizia kitakurudisha kwenye Corolla yako, hakitakurudisha kwenye lori. Tena majimbo yamekatazwa kuficha kosa la mwenye CDL kwa mipango ya kuahirisha hukumu, na tafsiri ya shirikisho ya kutiwa hatiani inagusa pia uamuzi wa chombo cha kiutawala chenye mamlaka. Ndiyo maana kwa dereva wa lori kile kikao cha DMV si cha kupuuza hata kidogo, na ndiye mtu pekee ambaye ningemwambia aangalie sana njia ya tatu kabla ya kugusa kalamu. Anakitetea kipato cha mwaka.

Wa Uber na Lyft: sheria ya California inazikataza kampuni hizo kumtumia dereva aliyetiwa hatiani kwa DUI ndani ya miaka 7. Uzembe una jina tofauti na DUI, ingawa kampuni zina masharti yao juu ya hapo.

Binamu wa jimbo jingine akikutumia ujumbe wa sauti wa dakika sita kukueleza yeye alivyofanya, mshukuru. Wisconsin kosa la kwanza hata si jinai, New Jersey halina jopo la raia, na Utah mstari ni 0.05. Uzoefu wake ni wa kwake.

Ikiwa ni bangi, vidonge au miraa

California haina namba ya 0.08 kwa dawa. Wanaangalia tu kama uwezo wako wa kuendesha ulipungua, na kuwa na cheti cha daktari si utetezi: kidonge halali cha maumivu kinachokusinziesha kinatosha. Bangi jimbo liliihalalisha kwa kura ya 2016, lakini kwa shirikisho bado ni dawa inayodhibitiwa, na dereva wa CDL akikutwa nayo kwenye mkojo jina lake linaingia kwenye hazina ya taarifa ya shirikisho. Tangu Novemba 2024 jimbo linatakiwa kumwondolea CDL mpaka amalize utaratibu wa kurudi kazini.

Miraa inawashika watu wetu kwa sababu kwetu ni kitu cha sokoni. Majani yake mabichi yana kathinoni, ambayo Marekani imeiweka kwenye daraja la kwanza la dawa zilizokatazwa, pamoja na heroini. Fikiria basi umesimamishwa macho yamekutoka, na chini ya kiti kuna kifurushi. Mwendesha mashtaka anakuja na ofa inayoonekana ya ukarimu: anafuta DUI, wewe ukiri tu kukutwa na dawa, utahudhuria darasa. Raia angeipokea kwa mikono miwili. Asiye raia ajue kwamba sheria ya uhamiaji inaruhusu mtu afukuzwe nchini kwa karibu kila hatia ya dawa zinazodhibitiwa, isipokuwa kukutwa mara moja na bangi isiyozidi gramu 30 ya matumizi yake mwenyewe. Kwake yeye, wakili mzuri anaweza kuigeuza ofa hiyo kichwa chini: aikubali DUI, alipe faini na akae darasani, mradi kifurushi kisitajwe mahali popote kwenye hukumu.